Mama Akisubiri Figo, Derick Alikuwa Milimani

Nilimwona mdogo wangu akicheka ukutani, kwenye stesheni ya metro, Guangzhou.

Si yeye mwenyewe. Video yake, kwenye skrini ya matangazo kubwa kuliko mlango wa kanisa. Kavaa kofia ngumu ya njano na jaketi la kuokolea, yuko ndani ya boti la mpira, mto unachemka povu pande zote, na yeye kaachama mdomo kwa raha.

Mimi nimesimama chini yake na kiroba cha sampuli za vitambaa begani.

Huyo ndiye aliyetakiwa kumpa mama yetu figo.

Alituambia hawezi kuja kwa sababu pasipoti yake imekwama na haruhusiwi kutoka. Tukamwamini. Mama tukamzika.

Ngoja nianzie mwanzo.

Naitwa Gaudiosa, mtu wa Bukoba, nauza vitambaa Mwanza. Nikiishiwa mzigo napanda ndege kwenda Guangzhou, nazunguka soko la Zhongda mpaka miguu ivimbe, nafungasha, narudi. Derick ni mdogo wangu, tumezaliwa wawili tu. Yeye anaishi kule kule, mtaa wa Xiaobei, anafungasha mizigo kwenye ofisi ya kago. Siku nyingine Wachina wakitaka sura ya mgeni kwenye tangazo lao, anaenda kuigiza. Mara daktari, mara bosi, mara mtalii.

Mama alianza kuugua figo mwaka juzi. Akawa mtu wa kusafishwa damu kila wiki. Madaktari wakasema atafutwe ndugu wa kumpa figo moja.

Nikapimwa mimi, nikakataliwa. Damu hazikupatana.

Derick alipokuja Krismasi akapimwa. Kila kitu kikakubali! Nilipiga vigelegele pale korido mpaka nesi akanitoa nje.

Derick akaniambia, "Dada, narudi China nikafunge mambo yangu. Mwezi wa pili niko hapa."

Mwezi wa pili ukafika. Derick hakufika.

Mara viza. Mara pasipoti. Nikipiga simu ni hadithi ileile, kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea msibani.

Na kila asubuhi mama, pale kitandani, ananiuliza, "Derick kafika?"

"Bado mama. Yuko njiani."

"Haya." Anageukia ukutani.

Alifariki Kwaresima. Tulimzika kwenye migomba yake, kando ya baba. Derick alifuatilia mazishi kwa simu, analia mpaka picha inatikisika. Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, alipoanza kunung'unika, mimi ndiye niliyesimama.

"Mtoto kakwama ugenini," nikasema. "Mnataka aruke bahari?"

Nilimtetea hivyo. Mbele ya watu.

Sasa turudi stesheni.

Nilikuwa na Sihaba, mfanyabiashara mwenzangu kutoka Zanzibar, tunafikia hoteli moja. Yeye ndiye aliyeanza kuona.

"Gaudi, huyo si Derick wako?"

Tangazo likazunguka, likaanza upya. Derick yuko ndani ya makumbusho, kasimama mbele ya vinyago vikubwa vya shaba, macho yamechomoza kama darubini. Derick juu ya farasi, nyasi mpaka upeo wa macho. Derick anapanda mlima na fimbo mbili. Derick kwenye theluji, kanyoosha mikono kama anaimba gloria.

"Hili ni la utalii," Sihaba akasema. Anasoma Kichina kidogo. "Mkoa wa Sichuan. Huko magharibi, milimani. Wanasema njoo na familia yako."

"Labda wamempiga picha hapahapa studio."

"Studio gani yenye mto, shoga yangu?"

Nikahamishia kiroba bega la pili.

"Na huko hufiki bila pasipoti," akaendelea, pole pole, kama anayenitoa mwiba. "Sisi wageni treni pasipoti. Hoteli pasipoti. Hata hayo makumbusho, mlangoni wanataka pasipoti. Wallahi huyu alikuwa nayo mkononi."

Treni ikaja. Milango ikafunguka, ikafungwa. Sihaba kaniangalia tu, hakunivuta. Nikatoa simu nikasubiri Derick arudi kwenye skrini, nikamrekodi kuanzia vinyago mpaka theluji.

Kuna Mkenya mmoja Xiaobei anaitwa Mugo. Ndiye anayewatafutia Waafrika hizo kazi za matangazo. Nikamkuta kwenye kiofisi chake, chini kuna mtu anafunga marobota, utepe wa gundi unalia kriii, kriii.

Nikamwonyesha video kama shabiki. Akafurahi!

"Ah, ile ya Sichuan! Manze, hiyo kazi ilikuwa tamu. Tulienda kama familia, makumbusho, mto, kupanda milima, farasi, yaani likizo unalipwa. Derick alienjoy vibaya sana."

"Ilikuwa lini?"

"Kitambo kidogo. Tulirudi Pasaka ikikaribia, nakumbuka nilitoka kwa treni moja kwa moja hadi kanisa, Ijumaa Kuu." Akaniangalia. "Kwani uko sawa, siz?"

Sikuwa sawa.

Nilishuka ngazi za lile ghorofa nimeshika ukuta. Kwaresima mimi nilikuwa nalala sakafuni kando ya kitanda cha mama, rozari mkononi, naomba Derick apate njia. Kumbe Derick yuko juu ya farasi.

Nikiwa palepale mlangoni, pikipiki za umeme zinanipita puani, nikafungua kundi la WhatsApp la ukoo. VPN, ile ya kufungulia WhatsApp iliyozuiwa China, ikazunguka, ikazunguka, ikakubali. Nikatupa ile video. Chini yake nikaandika: *Huyu ndiye aliyekwama. Hapa mama alikuwa anakata roho.*

Haikupita muda, sauti ya baba mkubwa ikaingia.

"Kuanzia leo, Derick si mtoto wa nyumba hii. Asikanyage shamba la marehemu mdogo wangu. Asikanyage hata kaburi."

Watu wakaweka mikono ya kuomba. Mmoja akaweka moto.

Nikampigia Derick. "Njoo tule."

Akaja anatabasamu, kwenye kile kimgahawa tunachokulaga wali na samaki. Kaninunulia maji ya nazi. Hakuwa ameona kundi, simu yake ilikuwa imezima chaji.

Nikaweka simu yangu mezani, nikabonyeza. Mto. Boti. Kicheko.

Tabasamu likaondoka taratibu.

"Pasipoti ilikwama, eti?" nikamuuliza.

Akaitazama video mpaka ikaisha. Akasema, "Haikuwahi kukwama, dada."

Jamani, nilitegemea uongo mwingine. Ukweli ulinipiga vibaya zaidi.

"Ulimwacha mama afe."

"Mama ndiye aliyenikataza."

Nikacheka. Kicheko kile kibaya, cha mtu anayetafuta kitu cha kurusha. "Usimsingizie marehemu, Derick. Mungu anakuona."

"Siku ile ya majibu, wewe ulipokuwa unapiga vigelegele, aliniita pembeni. Akaniambia kaka yake aliingia kupasuliwa anatembea kwa miguu yake, akatoka kafunikwa shuka. Akasema, 'Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Sitampasua mtoto wangu ili niongeze siku.' Nikakataa dada, nikapiga magoti. Akaniambia nikirudi nyumbani kutoa figo, yeye hataingia chumba cha upasuaji, na radhi yake nisiihesabu."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

Derick akainama. "Alisema wewe ungeshinda. 'Gaudiosa akijua, atakuburuza kwa sikio mpaka hospitali, na mimi sitaweza kumkatalia.'"

Hapo sikutafuta tena kitu cha kurusha. Kwa sababu hayo maneno ni ya mama. Mtu mwingine hawezi kuyatunga.

"Na lawama?"

"Akaniapisha nizibebe, nisimwambie mtu. 'Bora wakuchukie ukiwa mzima.'"

"Na milima? Naye alikutuma ukapande milima?"

"Ndiyo."

Nikataka kusimama. Akanishika mkono.

"Nilikuwa najifungia chumbani nalia, sili. Mugo alipoleta ile kazi nikamwambia mama sitaki. Akasema, 'Nenda, kisha unionyeshe.' Dada, yeye hajawahi kuvuka Mwanza. Nilimtembeza makumbusho yote kwa video. Alipoona vile vinyago akaniuliza, 'Hivi hawa, macho yaliwatoka kwa kuona nini?' Siku ya mto alicheka mpaka akakohoa."

"Mwongo! Simu ya mama nilikuwa naishika mimi."

"Hakutumia yake. Alitumia ya mama mdogo Flavia."

Flavia ni mdogo wake mama, wa tumbo moja. Tulimuuguza mama pamoja, yeye na mimi, kwa zamu.

Nikampigia palepale, sauti nikaiweka nje.

"Mama mdogo, mama alikuwa anaongea na Derick kwa simu yako?"

Kuku wanasikika nyuma yake.

"Mama mdogo?"

"Mwanangu... wewe ulipokuwa unatoka kufuata dawa. Ndio alikuwa ananiomba simu. Mara atake kuona mlima wenye barafu, mara farasi. Alikuwa akishamaliza ananiambia nifute."

"Alikuwa anajua Derick haji?"

"Alijua."

"Sasa kila asubuhi alikuwa ananiuliza nini?"

"Alikuwa anakuuliza ili usishtukie."

Sikilizeni. Nimewahi kutapeliwa na laoban, hao matajiri wa sokoni, akanionyesha kitambaa kizito akapakia chepesi. Nimewahi kuachwa na mwanaume siku ya kutambulishwa kwao. Hayo yote yalipita.

Hili halipiti.

Mama yangu, mtu niliyemfuta jasho, niliyemgeuza asije akapata vidonda, alikuwa ananiigizia. "Derick kafika?" Halafu anageukia ukutani. Mimi nadhani anaficha machozi, kumbe anaficha siri. Na mara ya mwisho alipocheka hapa duniani, alicheka mimi nimetumwa dawa.

Huyo wa kumgombeza hayupo. Yuko chini ya migomba.

Derick naye alikuwa analia bila sauti, watu wa meza ya pili wamegeuka. Nikakumbuka kundi.

"Derick, kuna kitu nimefanya," nikamwambia. Nikampa simu asikilize sauti ya baba mkubwa.

Alisikiliza mara moja tu. "Si ndivyo alivyotaka?" akasema. "Wanichukie."

"Hapana. Mama mdogo, bado uko hewani? Umesikia? Ukoo umemfukuza huyu. Ingia kwenye kundi useme hayo uliyoniambia."

"Nitasema."

"Sasa hivi, mama mdogo. Nakuomba."

"Nitasema, mwanangu."

Nikarekodi sauti ndefu. Nikaeleza yote, kuapishwa, simu, vinyago, kicheko. Nikatuma.

Baba mkubwa akajibu haraka. "Derick kakupa nini huko China? Asubuhi unamshtaki, mchana unamsingizia maiti. Shahidi wako ni nani?"

Nikaandika: *Mama mdogo Flavia yumo humu. Aseme.*

Tukasubiri. Mtu na mdogo wake, vichwa viwili juu ya simu moja, samaki anapoa.

*Flavia anaandika...*

Ikapotea.

*Flavia anaandika...*

Derick kanishika kiganja kama alivyokuwa akinishika utotoni tukivuka barabara.

Ikapotea tena. Halafu ukatokea mstari mdogo wa kijivu, katikati ya skrini.

*Flavia ameondoka kwenye kundi.*

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Kaniblock.

Aliogopa. Namwelewa. Angesema, ukoo ungemuuliza kwa nini alijua akanyamaza mpaka dada yake akazikwa. Lakini kumwelewa mtu hakuondoi kisu alichokuchoma.

Derick akaigeuza simu yangu kifudifudi. "Kula, dada," akasema.

Sikula.

Niliporudi nyumbani nilirudi naye. Alikataa, nikamburuza, na safari hii mama hakuwepo wa kunizuia. Bukoba tulipofika shambani, baba mkubwa alikuwa kasimama njiani na vijana wake. Mimi akaniambia pita. Derick akaambiwa aishie hapo.

Sikupita.

Tukasimama barabarani wote wawili. Msalaba wa mama unaonekana kati ya migomba, rangi nyeupe bado mpya. Derick akavua viatu, akapiga magoti kwenye vumbi, akamsalimia akiwa huko huko nje. Mama mdogo Flavia alikuwa mlangoni kwake, ng'ambo ya barabara. Akavuta kanga usoni, akaingia ndani.

Leo ninapoandika, Derick anaishi kwangu Mwanza, ananisaidia dukani. Baba mkubwa hajalegea. Flavia hajapokea simu. Mimi na Derick tunacheka siku nyingine, siku nyingine tunakaa kimya nyumba nzima, kwa sababu na yeye alinidanganya, kiapo au si kiapo. Namsamehe Jumatatu, Alhamisi hasira zimerudi. Kumsamehe mama, bado sijafika.

Nimeyaweka hapa kwa sababu najua ukoo wangu mnasoma kurasa hizi. Mliokataa kunisikia kwenye kundi, nisikieni hapa.

Na wewe mwingine unayeumwa, au unayemfichia mgonjwa siri yake, nikuachie hili. Usimkinge mtoto mmoja kwa mgongo wa mwingine. Usimfanye anayekuuguza awe mtazamaji wa maigizo. Mwambie ukweli, alie, apige kelele, agombane na wewe ukiwa bado una masikio ya kumsikia.

Kufa kwako ni kwako. Kuagwa ni haki ya anayebaki.