Kujenga Kifua Mwezi wa Mfungo

Ramadhani ilipokaribia, nilikosa usingizi kwa swali ambalo sikuthubutu kumwuliza mtu yeyote mwenye ndevu: nikifunga mwezi mzima, misuli yangu itabaki? Najua wapo wanaokesha wakiwaza thawabu. Mimi nilikuwa nalala chali katika chumba changu cha kupanga Nachingwea, mkono mmoja umeshika msuli wa mkono mwingine, nikihakikisha kwamba bado upo.

Usinicheke mapema. Nilitoka chuo kikuu nikiwa mwembamba kiasi kwamba siku ya kwanza nilipokwenda kujitolea kufundisha sekondari, mlinzi wa getini alinielekeza kwenye foleni ya wanafunzi waliochelewa. Nikapanga foleni. Jioni ile ile nikaenda kutafuta jimu.

Jimu yenyewe ni ua wa fundi anayechomelea mageti. Vyuma vyake ni mabomba yaliyopachikwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Fundi, mtu wa miraba minne na wa kelele, ndiye kocha. Mwanzoni nilinyanyua kila siku bila kupumzika, kwa hofu kwamba nikikosa siku moja nitarudi kuwa mwanafunzi. Sikujaa hata kidogo. Nilichopata ni mikono inayotetemeka ubaoni hadi darasa likadhani nina homa.

"Mwalimu," fundi akanifokea, "hapa tunabomoa. Kujenga kunafanyika ukila na ukilala. Wewe kila siku uko hapa na nyundo, nyumba itasimama lini?"

Nikapunguza siku, nikawa naongeza uzito kidogo kidogo, nikaanza kula kama mtu mwenye nia: mayai asubuhi, maharage na dagaa mchana, karanga kati ya vipindi. Taratibu mashati yakaanza kubana mabegani. Mlinzi akaanza kuniita bosi. Na kwa mtu anayesubiri ajira, ambaye kila anayekutana naye humwuliza "bado tu?", kile kifua kilikuwa kitu cha kwanza nilichokipata bila kuitwa kwenye usaili. Ndiyo maana niliogopa kukipoteza.

Simu haikunisaidia. Mmoja mtandaoni aliandika kwamba usipokula kwa saa chache misuli inaanza kujila yenyewe. Mwingine akasema huo ni uongo. Wa tatu alikuwa anauza unga wa kwenye kopo. Fundi aliniambia yeye hufunga kila mwaka, hupunguza uzito wa vyuma lakini haachi mazoezi. Nilimtazama kifua nikaona ni ushahidi mzuri. Kisha nikawaza: labda mwenzangu ana akiba kubwa.

Nikaanza kufunga hivyo hivyo na hofu yangu. Shule ikafungwa katikati ya mfungo, na mama akanipigia niende nyumbani Ruangwa. Mtaani kwetu wanaume hufuturu pamoja, kwenye mikeka inayotandikwa nje kwa mjomba, na kila nyumba hupeleka sinia na mtu wa kukaa nalo. Tangu baba afariki, sinia letu lilikuwa likienda peke yake.

"Linakwenda kama yatima," mama alisema. "Njoo ukae nalo."

Nikaenda. Jioni ya kwanza nikafunua sinia letu: mihogo ya nazi. Nikachungulia la jirani: magimbi. La tatu: ndizi. Vyote vinanukia vizuri mno, na vyote, kwa hesabu zangu, ni wanga uliokalia wanga. Ningemwambia nini mama? Angeona nimerudi na maringo. Kwa hiyo kesho yake nikachemsha yai kimya kimya, nikalitia mfukoni mwa kanzu, na baada ya swala nikajifanya nakwenda kunawa nyuma ya nyumba. Mpango ukafaulu.

Jioni ya tatu haukufaulu. Tulifungua kwa tende na uji, tukasimama kuswali Magharibi, mjomba mbele yetu. Nilipokwenda sijida ya kwanza, mfuko ukainama pamoja nami. Yai likatoka, likajiviringisha polepole juu ya mkeka, likapita kati ya safu ya mbele, likatulia pembeni ya mjomba. Rakaa zilizobaki sikumbuki nilisoma nini. Nilikuwa nawaza: je, likikanyagwa? Je, kuna mtu mwingine anayetembea na yai, ili angalau tuwe wawili?

Mjomba akatoa salamu. Kisha mzee mmoja jirani, mtani wa ukoo wetu, ambaye kwa haki ya utani husema lolote, akageuka akatutazama mmoja mmoja.

"Jamani," akasema, "nani ametaga?"

Mikeka yote ikaangua kicheko. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mpwa wangu," mjomba akauliza, naye anajikaza asicheke, "nyumbani kuna mgonjwa?"

"Hapana, mjomba."

"Sasa yai la nini?"

Aibu ilinifanya nihutubie. Nikaeleza protini, nikaeleza msuli unavyochanika ukinyanyua kizito na unavyojirekebisha ukilishwa, kama niko mbele ya kidato cha pili. Mtani akanisogelea, akanibinya mkono juu ya kiwiko.

"Ndicho hiki kinacholishwa kwa siri? Nilidhani umevaa sweta ndani."

"Kilichofika mkekani ni cha mkeka," mjomba akaamua. "Gaweni."

Mtani akalimenya, akalikatakata kwa kijiko kwa uzito wa mtu anayegawa mirathi. Kila mmoja akapata kipande kama ukucha, nami nikapata changu. Alipomeza chake, akakunja mkono wake mkavu, akauelekeza kwangu. "Unaona? Linaingia."

Habari zilimfikia mama kabla yangu. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda.

"Mihogo yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea, mama. Nilitaka tu kitu cha kujenga mwili."

"Choroko zimejaa ndoo humo ndani. Karanga zipo. Uliuliza?"

"Nilitaka kuuliza."

"Lini?"

"Tangu nilipopanda basi."

Akacheka hadi akashika ubavu. Mimi nilikuwa nimemjibia kila kitu kichwani mwangu, siku zote tatu, na majibu yangu yote yalikuwa ya ukali ambao yeye hakuwa nao.

Nikaamua palepale. Nitafunga mwezi wote uliobaki. Nitafanya mazoezi saa moja kabla ya kufuturu, kwa uzito mdogo, ili chakula kikute mwili unakingoja. Nami nitapika, kwa ajili ya mkeka mzima.

Siku iliyofuata niliinjika choroko baada ya Alasiri. Nikatia nazi, karanga zilizotwangwa na dagaa. Shida ni kwamba nilikuwa nimefunga, na sikutaka kuuonja mchuzi hata kwa ncha ya ulimi, basi chumvi nikaitia kwa kukisia, nikawaza, nikaongeza, nikawaza tena. Sufuria likiwa jikoni, nikachukua madumu mawili ya maji nikayanyanyua uani, kisha nikapiga pushapu mpaka kivuli cha ukuta kilipofika mlangoni. Nikaoga, nikavaa kanzu.

Nililibeba bakuli kwa mikono miwili, mbele ya kila mtu, nikaliweka katikati. Tukaswali, tukakaa kula. Mtani akachovya muhogo, akatafuna, akafumba macho.

"Mwalimu, chumvi umeipata kwa jumla?"

Lakini mkono wake ukarudi, na wa mjomba ukafuata, hata nikalazimika kujipakulia haraka kabla choroko hazijaisha. Niliporudi ndani nikafungua ndoo, nikapima za kesho: mara mbili ya zile za leo.