Maana ya Kenya Mlangoni pa Bibi

Niliondoka Kinango kwa sababu ya mlango mmoja ulioko Vanga. Wazee wetu walikwisha kukubaliana juu yangu na Mwanamisi, lakini kwetu bibi wa mchumba humzuia mwanamume mlangoni, kwa utani, mpaka atoe alichoombwa. Wengine huomba kanga. Huyu wa Mwanamisi, mzaliwa wa Tanga, aliagiza: "Nchi yangu ni Tanganyika na Zanzibar, zimeoana na majina zikaunganisha. Na Kenya yake maana yake nini? Asipojua, arudi alikotoka."

Mimi kusema mbele za watu ni mtihani. Heri angeomba ng'ombe.

Asubuhi, mnadani Kinango, nilimwuliza mchuuzi mmoja, Mkamba, aliyekuwa amemshika mbuzi masikio.

"Ni mlima," akasema. "Wazee wetu waliuona kwa mbali, mawe meusi na theluji nyeupe, wakasema wafanana na mbuni dume, wakauita hivyo kwa Kikamba. Wageni wakalisikia jina hilo, wakaliandika walivyoweza. Haya, mbuzi wamtaka?"

Adhuhuri, Ukunda, mhudumu wa hoteli kutoka bara alinicheka. "Mbuni? Zii, brathe! Sisi Wakikuyu twajua ni mlima unaong'aa, Mungu anakaa huko."

Basi nikawa na majibu mawili. Lunga Lunga nilimweleza Bakari, dereva wa bodaboda.

"Yule bibi?" akaguna. "Chagua moja, ndugu yangu. Ukimpa mawili atasema wabahatisha."

Nyuma ya pikipiki yake, njia ya Vanga ilinitikisa mpaka yote mawili yakachanganyika.

Alasiri nilimkuta Bibi kizingitini, miguu ameinyoosha kuziba njia, wanawake wakichungulia nyuma yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Haya, Kenya ni nini?"

Wote wakanikazia macho. Nilijitazama: kanzu nyeupe, koti jeusi la kuazima. Nikanyoosha shingo, nikapanua mikono, nikatembea uani kwa hatua ndefu.

"Maskini, ameshikwa na nini?" akauliza Bibi.

"Mbuni!" ikatoka sauti ya Mwanamisi ndani.

"Ndiyo, Bibi," nikanong'ona. "Mlima ulionekana hivyo, kwa mbali."

Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Kisha akakunja miguu, nikapita.

Nilipokuwa narudi, Lunga Lunga nzima ilikuwa na habari. "Mbuni, panda!" akaita Bakari, na wenzake wakapiga honi.

Nimejifunza kwamba ule mlima haukuulizwa wataka kuitwaje. Nami sikuulizwa. Lakini mlango ulifunguka, na Mwanamisi akiniita Mbuni, naitika haraka.