Hodi Mbele ya Simu

Ukifungua simu yako ukapata bahati, utaniona. Nimesimama mchangani kando ya ziwa, mikono nimeinyanyua kama pembe za wale ng'ombe wa zamani wa pembe ndefu, miguu inang'aa mawese. Nyuma yangu wako akina mama wenzangu, sare moja ya kitenge cha njano, na nyuma yao kabisa milima ya Kongo. Watu wa Dar wameniona, watu wa Bujumbura wameniona. Mmoja aliandika kwamba yuko huko kwenye baridi kali na ameniangalia akiwa amejifunika blanketi. Mimi huyu, niliyeacha shule bado nachanganya herufi, leo natazamwa na watu nisiowajua. Nisiringe kwa nini?

Ila uzuri wa ile video si mimi. Uzuri ni sauti moja mwanzoni, ya mtu ambaye humuoni. Hiyo sauti ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Ni ya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Nilipoletwa Ujiji kuolewa nilikuwa msichana wa kutoka huko juu milimani, najua jembe tu. Yeye ndiye aliyenishika mkono akanifundisha ngoma. Na huku kwetu wifi na wifi lazima mtaniane, ni haki yenu, kwa hiyo alinifundisha huku ananisema. Kila nikipiga mguu ananiambia wa kushoto unachelewa. Kaka yangu kaoa mguu mmoja na nusu, ndivyo alivyokuwa akiwaambia watu. Nimezeeka naambiwa hivyo hivyo.

Sasa ngoma yetu hii ya harusi ina adabu yake. Hamfiki uwanjani mkaanza kurukaruka kama watoto waliofunguliwa shule. Mnasimama pembeni, mwimbishaji anapiga hodi kwa kuimba. Mwenye shughuli, au mtu aliyemweka, anaitikia naye kwa kuimba: karibuni, uwanja ni wenu. Hapo ndipo mguu unainuka. Asipoitikia hamchezi, hata mvua inyeshe. Kuna harusi moja ya Katubuka tulisimama mpaka tukalowa chapachapa, kumbe baba wa bibi harusi yuko nyuma ya nyumba anagombana na wapishi kuhusu pilau. Tulipiga hodi mpaka sauti zikakauka. Hakuna aliyesogea. Alipotokea akaitikia, tulimchezea na matope yetu, na watu wakasema hawajawahi kuona ngoma nzuri vile.

Mwimbishaji wetu siku zote alikuwa wifi. Sauti yake ilikuwa ikitoka mtaa wa Kasingirima, kule mwaloni kwenye mitumbwi ya samaki wanaacha kuanika dagaa wasikilize. Halafu kiharusi kikamkamata. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa wa kuburuta, na mdomo ukaenda upande. Maneno yakawa yanamtoka vipande vipande, kama maji ya bomba yanapokaribia kukatika. Mguu na mkono alivizoea. Kilichomshinda ni mdomo. Alivuta pazia la chumba chake akakaa nyuma yake. Ukimtembelea anaziba mdomo kwa khanga, anakusikiliza, anaitikia kwa kichwa. Tukimwambia tuna harusi, twende ukatusindikize tu, anageukia ukutani.

Mimi ndiye niliyeachiwa kupiga hodi. Nikawa napiga, lakini kila nikipiga namsikia yeye kichwani, na siku zinavyokwenda naona ananisahau na mimi namsahau. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, wifi yangu atoke nyuma ya lile pazia. Nimempelekea uji, nimempelekea samaki mgebuka wa kuchoma, nimempelekea umbea wa mtaa mzima. Wapi.

Mambo ya video aliyaleta mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa mwisho. Ni binti wa watu waliotoka Burundi zamani wakabaki huku, fundi cherehani, mikono yake mepesi sana. Alikuwa akishona gauni analipiga picha na kulirusha mtandaoni, wateja wanampata huko huko. Siku moja alitushonea sare mpya akasema, Mama, hizi nguo zikining'inia kwenye enga hazisemi kitu. Nguo hizi zinataka kuchezwa. Akatuomba tukacheze kando ya ziwa, yeye arekodi, arushe.

Mwenzangu, tulijiandaa. Mmoja alisuka, mwingine akakopa hereni, mwingine akamgombeza mumewe kwamba viatu vyake vya harusi kavipeleka wapi, wakati ngoma yenyewe tunacheza peku. Mawese tulipaka miguuni mpaka mchanga ukawa unatuganda kama vitumbua vilivyodondoka chini. Tukafika mwaloni asubuhi, akina mama wa dagaa wakaanza kutuuliza kama tunaolewa upya. Mkamwana akakita ile stendi yake ya miguu mitatu, akabana simu juu, akasema haya, tayari.

Tukajipanga pembeni. Nikapiga hodi.

Kimya. Mkamwana anatuangalia, sisi tunaiangalia simu. Nikapiga hodi ya pili, nimeinama vizuri kwa heshima. Simu imesimama tu pale na miguu yake mitatu. Mkamwana anatufanyia ishara kwa mkono, chezeni, chezeni. Mwenye ngoma, mpigaji wetu, ameshika vijiti hewani. Hakuna aliyesogea. Tukakaa vile, tumeinama mbele ya simu kama tumekwenda kuomba uchumba, mpaka akina mama wa dagaa wakaacha kazi wakaja kuona nani amefariki.

Mkamwana akazima. Akauliza kwa upole kama kuna aliyeumwa tumbo. Nikamwambia hatujakaribishwa. Akasema, basi Mama, mimi nakukaribisheni. Akaitikia yeye. Maskini, sauti yake ni ya kumbembeleza mtoto alale. Mwenye ngoma alipiga mara moja akacheka, na sisi tukacheka, na siku ikaishia hapo. Video tuliyokwenda nayo nyumbani ilikuwa ya wanawake watu wazima wamesimama wanaiangalia simu.

Ilikuwa ni kichekesho, lakini pale mwaloni nilikuwa nimeona kitu. Simu ina mbele na nyuma. Mbele kila mtu anaonekana, mpaka kuku anayepita. Nyuma yake mtu anaweza kukaa, akaimba, dunia nzima ikamsikia, na hakuna hata mmoja atakayemuona mdomo.

Sikupita kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi, na miguu yangu ya mchanga. Nikakaa kitandani kwake nikamsimulia yote, jinsi tulivyoipigia hodi simu, na mabega yake yakaanza kutikisika chini ya khanga. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimeyaona yale mabega yakicheka tangu augue. Ndipo nikamwambia.

"Wifi, simu haioni nyuma. Utakaa kwenye kiti nyuma yake, utuitikie. Basi."

Akanitazama. Akafumba macho, nikajua anageukia ukutani sasa hivi. Halafu akaniuliza, neno moja moja, "Hodi... anapiga nani?"

"Mimi."

"Basi... mnaharibu." Akanyoosha mkono ule mzima, akanionyesha ilipo khanga yake nzuri.

Tulimpeleka kwa bajaji, dereva anaenda taratibu kama kabeba mayai. Mkamwana akamwekea kiti cha plastiki nyuma ya stendi, akamfungulia na mwavuli. Wifi akavuta khanga mdomoni kama kawaida. Wenzangu wakamwamkia, shikamoo, shikamoo, akawaitikia kwa kichwa. Nikajipanga pembeni na watu wangu. Niliwaza, asipoitikia leo, nimemleta mwaloni kumuaibisha mbele ya watu, na lile pazia halitafunguka tena.

Nikapiga hodi. Maji yanapiga mchanga, yanarudi. Hakuitika. Mmoja nyuma yangu akaguna, nikamkanyaga kidole. Sikupiga hodi ya pili, niliinama tu nikangoja, na wenzangu wote wakainama wakangoja.

Ikatoka. Jamani, maneno ya kuongea yalikuwa yanamkatikia mdomoni, lakini sauti ya kuimba ilitoka nzima, hakuna kilichopungua. Ilikuwa nzito zaidi ya zamani, ina mkwaruzo kidogo pembeni. Karibuni, uwanja ni wenu. Mwenye ngoma alipiga ile ngoma kama aliyetukanwa. Mimi sikumbuki nilivyocheza. Nakumbuka mchanga ulivyokuwa unaruka, na akina mama wa dagaa wanapiga vigelegele na mikono yao imejaa magamba.

Tulipomaliza, wifi alikuwa ananiita kwa kidole. Nikakimbia, nikainama nimsikie. Nilijua atanishukuru.

"Kushoto," akasema. "Unachelewa."

Nililia, na nilicheka, vyote pamoja. Na hakuniachia hapo. Maana aliyekaa nyuma ya simu anaona kila kitu. Aliona nani ameshusha mkono, nani anaangalia hereni zake. Akatuambia turudie. Tukarudia mpaka simu ya mkamwana ikaisha chaji, ikabidi akaombe umeme kwenye kibanda cha chipsi.

Kuirusha nako kulikuwa na ugomvi wake. Mkamwana aliikatakata video kwenye simu yake, huku ameongeza mwanga, huku amepunguza upepo, mimi namwangalia navutiwa, maana anaikata kama kitambaa. Halafu akataka kuitoa hodi yote. Akasema watu wa mtandaoni hawana subira, wakiona mtu amesimama tu wanapitisha kidole. Nikamwambia akiitoa hodi, ametuingiza ndani kupitia dirishani. Akasema, lakini Mama, hapo mwanzo hakuna kinachotokea. Nikamwambia hapo ndipo kinapotokea. Akanitazama, akaacha. Ni mkamwana mzuri, sijui nani alimlea lakini alimlea.

Ikarushwa na hodi yake na kimya chake. Nikamwambia anisomee watu wanavyoandika, nimekaa pembeni ya cherehani. Wengine walisifu kitenge, akafurahi yeye. Wengine walisema bibi wa mbele ni moto, nikamwambia hiyo anisomee tena. Lakini wengi, wengi kabisa, waliuliza jambo moja: anayeitikia ni nani, mbona hamtuonyeshi? Mama mmoja aliandika kwa Kirundi, mkamwana akaisoma peke yake kwanza, kisha akanitafsiria. Yule mama alisema amezima jiko, amekaa chini, kwa sababu kwao nyanya yake alikuwa akiitikia hivyo. Yote hayo tulikwenda kumsomea wifi. Alisikiliza khanga ikiwa mdomoni. Akataka ya jiko isomwe mara ya pili.

Halafu wakaja watu wa Mwandiga. Wana harusi ya binti yao, wameona video, wanatutaka. Tukakubaliana. Wakati wa kuondoka yule mama akasema, na tunamtaka yule wa kuitikia, atuitikie kwa niaba yetu, tumempenda.

Nikamwangalia mkamwana. Kwenye harusi hakuna nyuma ya simu. Anayeitikia anakaa mbele pamoja na wenye shughuli, anatazamwa na uwanja mzima. Mkamwana, kwa huruma yake, alitafuta njia: atawekwa chumbani karibu na dirisha, apewe maiki, sauti itoke kwenye spika. Nilimwona anavyoshona akilini mwake, na nikaona ni wazo zuri. Tukaenda kwa wifi na hilo wazo.

Akatusikiliza mpaka mwisho. Akaishusha khanga kutoka mdomoni, akaikunja kwa mkono mmoja, polepole, akaiweka magotini.

"Kiti," akasema. "Mbele."

Siku ile Mwandiga alikaa kati ya baba na mama wa bibi harusi, kitenge cha njano, kichwa kimefungwa lemba, khanga iko begani. Watu walimtazama, ndiyo, walitazama, na watoto wawili walinong'onezana mpaka mama yao akawafinya. Yeye alikuwa ananiangalia mimi. Nikapiga hodi kutoka pembeni, vumbi la barabara limetujaa miguuni juu ya mawese. Hakuniweka sana. Alijivuta, akainua ule mkono mzima, akafungua mdomo wake vile ulivyo, akaitikia. Simu zote zilizokuwa zimeelekezwa kwetu zikageuka upande wake. Tulicheza ngoma nzima tunaonyeshwa visogo vya watu, na sijawahi kujivunia kutotazamwa kama siku ile.

Video ya Mwandiga nayo imerushwa. Mimi humo naonekana mkono tu, na nusu ya kitenge. Iliyobaki yote ni wifi yangu, uso wake umejaza kioo cha simu, mdomo umepinda na unaimba. Mkamwana hakukata kitu. Ukiiangalia mpaka mwisho, ngoma imekwisha na vigelegele vimetulia, utamsikia anasema neno kuhusu mguu wangu wa kushoto. Usimsikilize. Anasema uongo.