Limbwata la Minza

Treni ilikuwa imekwisha kuipita Tura abiria mmoja alipoanza kuusifu mchuzi wa kuku wa nyumba fulani ya wageni huko Cheyo. Basi mgeni aliyekuwa akiingia Tabora kwa mara ya kwanza akashuka na njaa yake, akauliza njia. Alikuta chumba cha chakula kimejaa watu na harufu ya kuungua. Mpishi aliyesifiwa, Minza, alikuwa amesimama mlangoni, na hakuja kupika.

Alikuwa amelishika jiko la hapo kwa miaka mingi. Kisha Jenifa, mwenye hoteli kule Bukene, akamwita kazini, naye akaaga kwa adabu. Bosi wake, Mwinshehe, akampa mkono wa heri. Jioni hiyohiyo akarekodi sauti, akairusha kwenye kundi la wenye mahoteli: "Wateja hawakuwa wakifuata mchuzi. Yule anatia limbwata." Kwake ilikuwa nafuu kusifu uchawi kuliko kusifu mwanamke wa jikoni. Jenifa akamwambia Minza asije.

Minza akakimbilia kwa Advera, msaidizi wa kisheria, akamsikilizisha sauti aliyorushiwa na Jenifa. Advera akamwambia asiifute, wala asijibu kwa matusi. Jenifa ndiye shahidi, kwa kuwa alisikia na akaamini. Kwanza Mwinshehe adaiwe kukanusha palepale aliposemea. Akikataa, ni kesi ya kashfa, na fidia juu. Ndipo wakaja pamoja.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mtani! Umelikumbuka jiko?"

"Nimekuja univue limbwata."

Mwinshehe akawageukia wateja akicheka. "Jamani, mimi Mzaramo, huyu Mnyamwezi. Tunataniana tangu babu zake wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Kesi ya utani mmeiona wapi?"

"Mimi Mhaya, hayo siyajui," alisema Advera. "Ila mahakama haina mtani."

Minza aliyajua. Baba yake mkubwa aliwahi kujilaza kaburini siku ya kumzika mtani wake, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Lakini ule ulikuwa utani wa mbele za watu, na kila mmoja alikuwa na zamu yake.

"Sawa, bosi. Sasa zamu yangu." Akapaza sauti. "Ndugu zangu, kunguni wa humu wana majina. Yule mnene anaitwa Mwinshehe Mdogo. Na hao kuku hawakuchinjwa, walijifia wenyewe."

Mzee mmoja mwenye kofia aliliacha tonge njiani. Wengine wakasukuma sahani.

"Wee Minza! Unaniharibia jina!"

"Si utani?"

"Utani gani wa kunifukuzia wateja!"

"Rudia taratibu, bwana Mwinshehe," alisema Advera. "Hakimu atapenda kuyasikia hayo."

Mwinshehe akatoa simu, akarekodi mbele ya wote: hakuna limbwata, alisema uongo, anaomba radhi. "Ni mkono wake tu," akaongeza, kama anayeng'olewa jino, kisha akairusha sauti kwenye kundi lilelile.

Haikuchukua muda simu ya Minza ikaita. Jenifa: aje, jiko linamsubiri.

Minza akawarudia wateja. "Kuku wamechinjwa, kuleni. Na kunguni hawana majina."

Akabeba mkoba wake, akaondoka na Advera kuulizia usafiri wa Bukene. Mgeni alikuwa amekwisha kulipia chumba. Alikuwa bado anawaza habari ya kunguni Mwinshehe alipomwekea sahani mbele yake.

"Karibu sana, mgeni. Leo nimepika mwenyewe."