Wasia Ulioishiwa Betri

Moloimet alipeleka dume kwenye mnada wa Karatu, akarudi nyumbani Nainokanoka na redio kaseti ameifunga mgongoni kwa shuka kama mtoto mchanga. Mkewe Nalangu alimwona tangu anapanda kilima, akajua unga hakununua.

Redio ile ilikuwa na mambo. Ilisema watu walikwenda mwezini wakarudi na mawe. "Mawe?" Nalangu akauliza. "Kwani kwao yamekwisha?" Siku nyingine ikasema huko Ulaya ng'ombe wanakamuliwa na mashine. Hilo lilimsumbua kuliko la mwezi. Mashine inawaimbia wimbo gani? Na yule ng'ombe mwenye kinyongo, anayezuia maziwa mpaka akunwe shingoni, mashine inamkuna? Moloimet alicheka mpaka akakohoa. Alipenda kumsikia mkewe akigombana na redio, maana siku hizo hakuwa na nafasi ya kugombana naye.

Yeye mwenyewe alipenda kitufe chekundu. Ukikibonyeza, mashine inameza sauti yako na kuitapika utakapo. Aliimezesha nyimbo za ng'ombe, akaimezesha kukoroma kwa jirani, na siku moja huko malishoni akaimezesha neno zito kuliko yote.

Nalangu hakujaliwa mwana wa kiume. Alikuwa na Soila tu. Kwa desturi yao, nyumba ya namna hiyo inaweza kumbakiza binti: haolewi, watoto atakaozaa wanakuwa wa boma la baba yake, na ng'ombe wa nyumba ya mama yake wanakuwa wao. Ila baba lazima aliseme jambo hilo kwa kinywa chake mbele ya wazee wa rika lake. Moloimet akaiambia kaseti.

"Waite wazee," Nalangu akamwambia. "Chinja mbuzi wale, wasikie."

"Wazee wanne watakula mbuzi mmoja na kusikia maneno manne. Hii haili, na inasikia neno moja tu."

"Na siku ya siku itanitetea?"

"Itasema nilivyosema. Unataka nini tena?"

Masika hayo barabara iligeuka tope, hakuna gari lililopita, na homa ya mapafu ikamchukua Moloimet.

Mdogo wake Olais akaja kuomboleza, asiondoke. Alikaa kwenye kigoda cha kaka yake na kutwa nzima akafungulia redio. Alisikiliza salamu, alisikiliza mpira, alisikiliza hata mafunzo ya kilimo cha pamba, huko juu ambako hata viazi vinatetemeka kwa baridi.

"Shemeji, izime kidogo," Nalangu akamwomba. "Kuna maneno ya marehemu humo ndani. Utayamalizia betri."

"Shemeji, wewe una msiba. Mambo ya betri niachie mimi." Akaongeza sauti.

Angesema nini zaidi? Mjane akimfokea shemeji yake matangani, mpaka Endulen watasikia. Akaenda kukamua, akampelekea maziwa.

Kisha Olais akatangaza kwamba mzee mmoja wa Soitsambu amemposa Soila, na kwamba ng'ombe wa nyumba ile watahamia kwake yeye Olais. Nalangu akadandia lori la viazi, akateremka Karatu kutafuta betri. Ulikuwa ule wakati wa bidhaa kuadimika, na duka la Melkizedek lilikuwa na rafu tupu na mizani.

"Betri, mama? Mimi hata sabuni naisikia kwenye redio tu."

"Basi nipe za hiyo redio yako."

"Redio yenyewe ya jirani, mama yangu. Nasikilizia dirishani." Akamwonea huruma. "Zile zako zianike juani, zitapata nguvu kidogo."

Akarudi, akazianika juu ya paa. Ukungu wa Nainokanoka ukashuka, ukakaa mpaka siku ya kikao cha wazee cha kuamua jambo hilo. Zikalowa.

Wazee walikaa nje ya boma. Nalangu akaweka mashine chini mbele yao, akabonyeza. Sauti ikatoka taratibu, nzito, inajikokota: "Miiiiimiiii..."

Mzee mmoja akaziba masikio. Sauti ya marehemu si kitu cha kuchezea. Olais akacheka.

"Huyo ni kaka yangu, au ni kiboko wa kule bonde la kreta?"

Wazee wakaangua kicheko. Nalangu akapiga magoti, akainamia mashine. "Ni yeye! Sikilizeni! Anasema Soila abaki!"

"Amesema wapi? Mimi nasikia tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa."

Mashine ikanguruma mara moja zaidi, ikanyamaza kabisa. Meitamei, aliyetahiriwa siku moja na Moloimet, hakucheka. Alisema kwa upole, na upole wake ulimuuma Nalangu kuliko kicheko.

"Mama Soila, mimi nakuamini. Lakini boma langu si lile pale, unaliona? Mwenzangu alishindwaje kuvuka korongo aje aniambie mimi?"

"Alisema mashine haili mbuzi," Nalangu akajibu.

Wakacheka tena, kisha wakaona aibu, wakatazama fimbo zao. Neno ambalo baba hakulisema mbele yao hawakuweza kulisema wao. Soila ataolewa Soitsambu, ng'ombe watakwenda na Olais.

Asubuhi Olais alikuja na vijana wake kuswaga ng'ombe. Pale langoni akakumbuka utu.

"Shemeji, sitakuacha mikono mitupu. Chagua mmoja wa maziwa ya chai."

Nalangu akamwonyesha mweusi mwenye paji jeupe.

"Huyo hapana. Huyo ana mimba."

Akamwonyesha mwekundu.

"Huyo ndiye anayewaongoza wenzake, shemeji. Nitawaswagaje bila yeye?"

Akamwonyesha wa kijivu, mwenye pembe moja. Olais akakuna kidevu, akamzunguka yule ng'ombe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Mh," akasema. "Huyu anaonekana mzuri."

"Basi chagua wewe," Nalangu akasema, akajibanza kwenye ua wa miiba ili wapite.