Simba wa Vichwa Viwili

Ludeke alipiga nyundo, mimi nikashika chapa ya kupigia sarafu. Miaka kumi na tisa vidole vyangu vilikaa chini ya nyundo yake, na bado ninavyo vyote kumi. Aliteleza mara moja tu, siku bintiye Ilsabe alipougua. Aligonga mara mbili, simba, nembo ya mji wetu huko Saksonia, akatoka na vichwa viwili. Bwana wa karakana akamkata ujira, akamwachia hiyo sarafu ya fedha. Mtoto alipokufa, Ludeke alimfumbatisha sarafu hiyo, maana kwetu maiti aliyeondoka mikono mitupu hurudi kudai chake.

Ludeke aliapa kwamba mtoto alirudi. Kila majira ya baridi alisikia kiganja kidogo kikigonga dirisha.

"Baridi imekupanda kichwani," nilimtania.

"Cheka tu, Tile. Chake nilimpa. Sasa anataka nini?"

Mwaka wa saba tangu mazishi, sarafu kuukuu ziliitwa zirudi karakanani ziyeyushwe. Asubuhi moja tulikuwa tukizimimina chunguni, Ludeke akachomoa moja. Simba, vichwa viwili.

"Wamemfukua," alisema. "Mwanangu wamemfukua!"

Akaitia shavuni. Kwa wizi huo mtu hukatwa mkono, nami nikajifanya sioni. Adhuhuri alikimbilia kwake kuchukua koleo la kuchimbia, nikamfuata. Mkewe Alheid alikuwa akikanda unga. Ludeke akaitema sarafu mezani.

"Usichimbe, baba Ilsabe," mkewe alisema.

"Niache! Nataka nimjue mshenzi aliyemfungua mwanangu kiganja!"

"Ni mimi."

Ludeke akabaki na koleo mkononi.

"Kabla hawajamfunika sanda," alisema Alheid. "Ndani hamkuwa na hata punje, nawe homa ilikuwa inakumaliza. Nilinunua mkate. Ulikula, Ludeke. Ukaomba na kipande cha pili."

Nilitamani ardhi inimeze. Ludeke hakumpiga wala hakumtukana. Alinikabidhi sarafu.

"Mrudishie wewe, Tile. Mzike nayo. Mimi sina uso wa kwenda pale."

Nilimwahidi. Lakini njia ya makaburini inapita mlangoni pa bwana wa karakana, na mimi ni mwoga, nakiri. Nikarudi kazini, nikaitupa chunguni pamoja na nyingine.

Ludeke ananishukuru mpaka leo. Anasema amelala vizuri tangu siku ile, hasikii kitu dirishani.

Najua hasikii. Siku hizi linagongwa la kwangu.