Hata Daktari Hajui

Kwenye benchi la zahanati, njia ya Msambweni, tulikuwa mimi na mwanangu, bibi mmoja wa Kinondo na mjukuu wake mwenye malaria, na muuguzi. Muuguzi alieleza kwamba katika utafiti wa dawa ya malaria uliokuwa ukifanyika pale, watoto wengine wangepewa dawa ya kawaida na wengine dawa mpya inayojaribiwa.

Bibi akamshika muuguzi mkono, akanong'ona, "Mwanangu, wangu mpe ile mpya."

"Sijui ipi ni ipi, bibi. Hata daktari hajui."

"Nani ajuaye?"

"Watu wa mbali, wasiotujua, waliogawa dawa kwa kura."

Bibi akacheka, akakubali. "Alhamdulillahi! Basi hawajui kuwa mimi ni maskini."

Huikumbuka asubuhi ile kila nikipanga foleni ambamo wanaojuana hutangulia.

Utafiti ulipokwisha, muuguzi alikwenda Kinondo kumwambia bibi kuwa mjukuu alipewa dawa ya kawaida. Sasa mjukuu huyo anasoma darasa la pili.